Harambee ya kivuli cha Cha Simba

Ndugu, wazazi wetu, na vijana mlioko Mombasa na ng'ambo,

Tukiulizwa harambee hii ni ya nini tunajibu "ya ua", na mtu hucheka. Tumezoea kuchangia karo, darasa, matanga. Ua tena? Tuvumilieni kidogo.

Lile ua la zambarau ambalo wenzetu Ulaya na Marekani hulifuga chunguni dirishani, saintpolia, asili yake ni huku. Mwaka 1892 Mjerumani aliyekuwa afisa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta upande wa Usambara, na mwaka uliofuata wataalamu wakalipa jina la ukoo wake. Porini huota Tanzania na Kenya tu. Aina mojawapo, Saintpaulia rupicola, ni ya Kilifi, na miamba ya Cha Simba hapa Kaloleni ni kati ya sehemu chache mno inakopatikana.

Asiyelijua hulipita. Limejibana kwenye ufa wa jiwe la chokaa, majani manene yenye vinyweleo, na katikati ya ua vifuko viwili vya manjano ambavyo havimwagi chavua mpaka nyuki avidandie na kuvuma.

Basi, ua hili halitaki ua wa seng'enge. Linataka miti. Jiwe likipigwa na jua mchana kutwa hukauka, na jani hunyauka papo hapo. Kila mti unaokatwa juu ya mwamba kwa makaa au fito ni kivuli kimeondoka.

Mwaka jana tulipanda miche tukiwa tumechelewa. Mvua ikakatika na karibu yote ikafa. Kosa letu, hatulifichi. Safari hii tunataka kitalu chetu cha mbambakofi na mvule, kianze mapema ili miche iwe tayari masika ya Aprili. Tunaomba viriba, mbolea ya samadi, tangi la maji, na posho ya vijana wawili wa kumwagilia wakati wa kiangazi. Mwenye pesa amwone mhazini, naye atampa risiti. Asiye nazo aje na jembe.

Tena, ukija kutazama, usichume. Jani moja likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu huota, na hilo ndilo linalowatia watu tamaa.