Nilichezwa unyago, lakini haya hakuna aliyenifundisha

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 49, nakaa Newala. Nina watoto wanne na wajukuu wawili, na mume wangu tuko naye mwaka wa 28 huu. Nakuandikia kwa sababu nyumba yangu inatikisika, na chanzo ni mwili wangu.

Ilianza mwaka juzi, msimu wa korosho. Nilikuwa nimekaa chini ya mkorosho nang'oa korosho kwenye mabibo, kivuli kizuri, upepo unavuma. Mara nikasikia joto linapanda kutoka kifuani, likafika shingoni, likajaa usoni. Jasho likanitoka mpaka kilemba kikalowa. Baada ya dakika chache likaisha, nikabaki natetemeka kwa baridi na moyo unakwenda mbio. Nikasema hii malaria. Nilikwenda zahanati, kipimo kikaonyesha sina vimelea, lakini nikapewa dawa mseto. Hali ikarudi, nikapewa tena. Nilimeza dozi tatu mwaka ule kwa ugonjwa nisiokuwa nao. Hilo linaniuma mpaka leo, maana hakuna aliyeniuliza hata mara moja: mama, una umri gani, na siku zako zinakwendaje?

Siku zangu zilikuwa zimeshavurugika. Zinakata miezi miwili, zinakuja siku tatu, zinakata minne, kisha zinarudi nzito, za mabonge. Ramadhani iliyopita nilishindwa hata kujua siku ipi nifunge na ipi nile.

Usiku ndiyo mtihani. Naamka saa nane kanga imelowa chapachapa. Natoka uani najimwagia maji, nikirudi najilaza mkekani karibu na mlango, kwa sababu ndani ya chandarua nakosa pumzi. Na maji ya kwetu unayajua Shangazi: tuko juu ya uwanda, yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni, pampu ikisimama tunanunua ndoo. Mume wangu akaanza kuhesabu ndoo. Baadaye akaanza kuhesabu mara ninazotoka. "Mwanamke anayeoga saa nane za usiku katoka wapi?" Aliniuliza hivyo mbele ya mkwe wetu. Sikupata jibu, nililia tu. Siku hizi machozi yako karibu, na hasira nazo ziko karibu, hata mjukuu akiangusha kikombe nafoka.

Lingine naona haya kulisema, lakini wewe ni shangazi. Tukikutana kimwili naumia, nimekuwa mkavu. Kwa hiyo namkwepa. Yeye anaona nimemchoka.

Mwezi uliopita nilimsindikiza mkwe wangu kliniki, nikakutana na nesi mmoja mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia: "Mama, hedhi yako inaelekea kukoma." Akanieleza kuwa ovari zinapunguza homoni ya estrojeni, ndiyo maana sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inababaika, na ukavu nao unatoka hukohuko. Wengi hali hii huwapata kati ya miaka 45 na 55. Hedhi inahesabiwa imekoma ukimaliza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na kabla ya hapo mimba bado inaweza kuingia. Ukishamaliza mwaka kisha ukaona damu, hata tone, uende hospitali bila kungoja. Na hii damu yangu nzito ya mabonge nayo akasema ichunguzwe. Mimi mwenyewe nimeshagundua kuwa chai ya moto na pilipili huliamsha lile joto, nikaviacha jioni, na nafuu naiona. Ila aliponipima presha, ilikuwa juu.

Sasa rafiki yangu kaniletea vidonge kutoka Masasi, anasema ni vya homoni, vinarudisha ujana. Havina hata boksi. Nimevificha kwenye kopo la mchele, sijameza.

Shangazi, mimi nilichezwa unyago, na mimi mwenyewe nimekuwa somo wa wasichana. Nawafundisha damu ikija wafanye nini, wajitunzeje, wanyamaze wapi. Bibi zetu waliingia umri huu wote, hakuna aliyetuambia unapita vipi. Nilimuuliza kungwi mmoja mzee, akaniambia ni jini, nikafukize ubani. Nilifukiza. Joto halikusikia.

Naomba unishauri mambo matatu. Vile vidonge nivitupe, au mwenye presha kama mimi kuna dawa ya homoni anayoweza kupewa akishapimwa vizuri? Kwa ule ukavu, kuna jeli ya kuomba famasi, na niiombeje mbele ya vijana waliojaa pale dirishani?

La tatu ndilo linaloninyima raha. Mume wangu si mtu mbaya. Nilipojifungua kitinda mimba wetu kwa upasuaji, alinifulia nguo mwezi mzima na wenzake wakamcheka. Sitaki aishi akiamini nina mwanamume mwingine. Nesi alisema nije naye, lakini kwetu mwanamume hakai kusikiliza habari za hedhi. Jioni baada ya isha huwa tunabaki wawili barazani, yeye na redio yake. Hapo ndipo nataka kumwambia. Nianze na neno gani?

Mama somo,
Newala