Hadithi ya Hannah Duston isiishie kwenye mtumbwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu makala yenu ya mashujaa wa kike, hasa kile kipande cha Hannah Duston wa Massachusetts, mlowezi wa Kiingereza aliyetekwa mwaka 1697 akatoroka. Mmemsimulia vizuri hadi anapanda mtumbwi usiku kurudi kwao, halafu mkaishia hapo. Mimi naishi Concord, New Hampshire. Kisiwa alichotoroka kutoka mikononi mwa watekaji kiko jirani, Boscawen, pale mto Contoocook unapoingia Merrimack, na nimekwishafika mara kadhaa.

Uchungu wake nauelewa. Waabenaki, wenyeji wa asili wa Amerika waliokuwa upande wa Wafaransa katika vita vyao na Waingereza, walipovamia Haverhill, mji wa kina Hannah, tarehe 15 Machi, Hannah alikuwa na siku sita tu tangu ajifungue. Kwetu siku ya sita mzazi bado yuko ndani, ananyweshwa uji wa pilipili manga, hata maji ya kuoga anachemshiwa. Yeye alitolewa nyumbani akaswagwa porini kwenye baridi, na kichanga chake, Martha, kikauawa kwa kubamizwa kwenye mti. Mama aliyepitia hayo mimi simhukumu.

Ninacholalamikia ni mlichokiruka. Mmeandika kwamba aliwaua watekaji kumi, basi. Kumi hao ni kina nani? Wiki mbili baada ya uvamizi, Hannah, pamoja na Mary Neff aliyekuwa akimuuguza na Samuel Lennardson, kijana wa miaka 14 aliyetekwa kabla yao, walikuwa mikononi mwa familia moja ya wenyeji, Wakatoliki waliosali mara tatu kwa siku. Usiku wa kuamkia tarehe 30 Machi, familia ikiwa usingizini, mateka wakashika mashoka. Wakafa wanaume wawili, wanawake wawili na watoto sita. Mwanamke mmoja alikimbia na majeraha, na mtoto mmoja wa kiume akaponea gizani.

Watoto sita, Mhariri, tena wamelala. Hilo mliliachaje?

Na simulizi zinasema walipokwisha kujiandaa kuondoka walirudi tena kuwachuna marehemu ngozi za vichwa pamoja na nywele zake. Msomaji asiyejua sababu atadhani ni hasira tu. Kulikuwa na fedha. Serikali ya koloni ilikuwa ikilipa kwa kila ngozi ya kichwa cha mwenyeji. Sheria ya malipo hayo ilikuwa imefutwa miezi michache kabla, ndiyo maana mumewe, Thomas, ilibidi apeleke ombi Boston. Mwezi Juni baraza likakubali: pauni 25 kwa ajili ya Hannah, na nyingine 25 wakagawana Mary na Samuel. Ushujaa mnaousifu uliwekewa bei, na mtoto alihesabiwa humo humo na mtu mzima.

Aliyeieneza habari yake ni mchungaji Cotton Mather wa Boston. Baadaye ikapoa. Karne ya 19, jeshi la Marekani likipigana na wenyeji huko magharibi, ndipo alipokumbukwa tena, na mwaka 1874 akasimamishiwa sanamu pale kisiwani. Mkono mmoja ameshika shoka dogo. Binti yangu alipouona mkono wa pili akaniuliza, "Mama, ameshika maua?" Ni ngozi za vichwa. Nilimweleza yote tukirudi, tukivuka daraja la zamani la treni, na akanielewa vizuri kabisa akiwa na miaka tisa. Sioni kwa nini wasomaji wenu wafichwe.

Mngemwachia pia Hannah mwenyewe aseme. Mwaka 1724, akiwa bibi kizee, aliandikiwa barua ya kuomba kupokewa kanisani. Humo anamshukuru Mungu kwa ule utumwa, anasema ulikuwa wakati wa faraja kuliko wote aliopata kuuona, kwa kuwa neno la Mungu lilimliwaza katika dhiki. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi. Huyo ni mwanamke aliyeuliwa kichanga, aliyeshika shoka, na miaka 27 baadaye bado anatafuta namna ya kulisema mbele za Mungu. Kwangu ana uzito kuliko yule wa kwenye makala, ambaye hana hata jambo moja la kumsumbua usiku.

Ombi langu ni dogo. Makala hiyo mkiichapa tena, au mkiitia katika kitabu cha wanafunzi kama mlivyoahidi, wawekeni wale watoto sita ndani yake. Majina yao hayakuandikwa popote kisiwani. Idadi tunayo.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Concord, New Hampshire, Marekani