Chakula cha nyumbani cha Kijapani, kitafuteni Torrance na Gardena

Mhariri,

Msomaji aliyeko Los Angeles anayetaka chakula ambacho Wajapani hupikiana nyumbani asihangaike na mitaa ya kifahari. Ateremke kusini, Torrance na Gardena. Migahawa yenyewe haina mbwembwe: imebanana kwenye vituo vya maduka kando ya barabara, jirani na kinyozi au dobi.

Sushi aiache. Aagize teishoku: sinia moja lenye wali, supu ya miso (uji mzito wa soya iliyochachushwa), kibua wa kuchoma kwa chumvi, achari na kibakuli cha mboga zilizochemshwa kwa sosi ya soya.

Aanze kuonja supu, maana hapo ndipo wavivu hujulikana. Lita moja ya maji hutaka takriban gramu 10 za mwani mkavu wa kombu na gramu 20 za samaki mkavu aliyeparuzwa. Mwani hutolewa kabla maji hayajatokota, la sivyo supu huingia utelezi na uchungu. Kisha hutiwa samaki, moto huzimwa, na baada ya dakika mbili huchujwa. Miso huyeyushwa mwisho kabisa. Ikitokota, harufu yake hupotea. Supu ya unga wa pakiti mara nyingi huacha chumvi ulimini na si zaidi.

Wali nao ushikamane kidogo, uokoteke kwa vijiti. (Sisi wa pwani tunaosifu punje zilizoachana tutavumilia.) Na aende mchana, ndipo teishoku huwa nafuu kuliko jioni.

Msomaji wenu,
California