Desemba si mwezi wa hatari kuliko yote

Ndugu Mhariri,

Kila mwisho wa mwaka hatukosi makala zinazoonya kwamba baridi, giza na upweke wa sikukuu huongeza vifo vya watu kujiua. Nia ni njema, ila kalenda imekosewa. Katika nchi nyingi za kaskazini mwa dunia zenye majira manne, vifo hivi hupungua Desemba, kisha hupanda majira ya kuchipua hadi mwanzoni mwa majira ya joto. Kusini mambo hugeuka, na karibu na ikweta tofauti huwa ndogo. Émile Durkheim, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Ufaransa, alikwisha kuandika kuhusu ongezeko hili huko Ulaya mwaka 1897. Yeye hakulaumu joto. Aliona ni shughuli za watu zinavyoongezeka siku zinaporefuka.

Wataalamu wa leo hutaja pia mwanga wa jua na serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hali ya moyo, na bado wanabishana. Maelezo mengine ndiyo yanayonikosesha usingizi: kwa baadhi ya wagonjwa wa sonona, nguvu za mwili hurudi kabla ya matumaini. Aliyeshinda kitandani msimu mzima anaanza kuoga, anafungua dirisha, anapokea simu. Ndugu wanashusha pumzi. Aliyekuwa akija kila jioni anaona sasa si lazima. Mgonjwa anaachwa peke yake, na moyo wake bado mzito vilevile.

Ndiyo maana kampeni ya kuzuia kujiua inayofungwa baridi inapoisha inafungwa wakati mbaya kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo zaidi ya 720,000 kwa mwaka. Takwimu za msimu hazitatuonyesha nani yuko hatarini, hilo nakubali, lakini zinatosha kupangia zamu za washauri na wapokea simu za msaada, kama hospitali zinavyojiandaa kwa mafua.

Kwako Mhariri nina ombi. Habari hizi zitoke pia Machi, Aprili na Mei, bila kueleza mtu alijiuaje, na namba ya msaada ikae juu, isisukumwe mstari wa mwisho.

Na wewe msomaji ambaye ndugu yako ameanza kupata nafuu, usiache kwenda kumwona. Muulize waziwazi kama anawaza kujiua. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na mtafutie mtaalamu siku hiyohiyo.

Msomaji wako