Kuuliza hesabu si kumwita mtu mwizi

Wanangu wa kikundi cha Jumapili, Missoula,

Marahaba kwa wote mlionisalimu kwa simu wiki hii. Goti linaendelea vizuri. Barafu ya barabarani ndiyo siiamini, kwa hiyo naandika badala ya kuja, na barua naiacha wazi ili hata vikundi vya miji mingine visome vikitaka. Ugonjwa huu si wetu peke yetu.

Yaliyotokea Jumapili iliyopita nimeyapata. Waswahili wa mji huu wa Montana, hapa Marekani, tunajuana hata kwa viatu vilivyovuliwa mlangoni, habari hailali njiani. Mweka hazina aliombwa afungue daftari la likelemba, mchango wetu wa kila mwezi, ionekane nani amelipa na nani bado. Akasema, "Kumbe mnaniona mwizi?" Akaliweka mezani, akavaa koti, akatoka analia. Nusu yenu mkamfuata kwenye magari kumbembeleza. Nusu mkabaki kumsema yule aliyeuliza, kwamba ametuletea maneno ya kambini. Pilau ikapoa. Na daftari, ninavyoambiwa, limebaki kwa mwenye nyumba mpaka leo, na hakuna aliyelifungua.

Hilo la mwisho ndilo lililoninyima usingizi. Limenikumbusha mama mmoja wa jimbo letu hili aliyeidai serikali hesabu.

Mkitoka hapa kuelekea kaskazini, mkapita ardhi ya Wasalish na Wakootenai, mkaambaa ziwa Flathead, mkavuka milima, baada ya saa tatu na ushee za gari mnatokea Browning. Ni mji mdogo wa upepo mkali, makao makuu ya Wablackfeet, moja ya makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani. (Shuleni tulifundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Wahindi si wao, na wekundu sijauona. Tuwaite kwa jina lao.) Huko alizaliwa Elouise Cobell tarehe 5 Novemba 1945, katika nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Kikwao aliitwa Mwanamke Ndege wa Manjano, na alikuwa kitukuu wa Mountain Chief, mmoja wa viongozi wakubwa wa watu wale.

Kuna kilima huko kiitwacho Ghost Ridge, kilima cha mizimu. Majira ya baridi ya 1883 kuingia 1884 nyati waliokuwa wakiwalisha walikuwa wamekwisha, chakula walichoahidiwa na serikali hakikufika cha kutosha, na watu wapatao 500 hadi 600 wakafa njaa. Wengi walizikwa pale. Elouise hakuchoka kukitaja kilima hicho hata alipokuwa anazungumza na wakubwa wa Washington. Nyinyi mliokaa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkisubiri siku ya mgao mnaelewa bila mimi kuongeza neno.

Sasa sikilizeni jambo la hesabu. Mwaka 1887 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kukata ardhi ya makabila vipande vipande, kila mtu chake, ekari 160 au pungufu. Lakini wenyewe hawakuachiwa waisimamie. Serikali ilisema itawashikia kwa amana: itakodisha malisho, mafuta na mbao, itapokea kodi, kisha itawapa wenye ardhi fedha zao. Mtu akifa, warithi wanagawana haki tu, shamba lenyewe halikatwi. Pigeni hesabu wenyewe. Babu ana watoto 6, kila mmoja ana watoto 6, wenye shamba tayari ni 36, na kizazi kinachofuata ni 216. Hundi zikawa zinafika za senti chache. Karatasi ya kueleza shamba limekodishwa kwa nani, kwa bei gani, yametoka mapipa mangapi, wengi hawakuwahi kuiona. Aliyesimamia fedha hizo ni Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo huku ni ya ardhi na maliasili, si ya polisi kama kwetu.

Elouise alikua akisikia wazee wa kwao wakiulizana jambo hilo: fedha zetu ziko wapi? Alisomea mambo ya biashara Great Falls, akaingia chuo kikuu, akaacha kabla ya kumaliza ili amuuguze mama yake mwenye saratani. Akaenda Seattle, akaolewa, kisha akarudi nyumbani kumsaidia baba yake shamba la ng'ombe. Kabila likamkabidhi hazina ya serikali yao, akaishika miaka 13. Alipoanza kupekua karatasi za amana akaona hazieleweki. Akaenda kuwauliza maofisa, na jibu alilopewa ni kwamba akajifunze kwanza kusoma hesabu.

Hapo nisimame, kwa sababu jibu hilo nalijua. Nimewahi kulitoa mimi.

Nilikuwa karani wa hesabu katika chama kimoja cha ushirika cha kahawa mkoani Kigoma, miaka ya themanini mwishoni. Jina la chama nalihifadhi. Mkulima alileta kahawa, akapimiwa, akapewa stakabadhi na malipo ya kwanza, akaambiwa ya pili atapata kahawa ikiuzwa. Mwaka ule ya pili hayakuja. Alikuwepo mzee mmoja aliyekuja kila Jumatatu. Stakabadhi zake alizifunga kwenye mfuko wa sukari, ule mweupe wa plastiki, akazikunja zikawa ndogo kama pakiti ya sigara. Alizifungua polepole dirishani kwangu, akazipanga mstari kwa tarehe, akasema, "Mwanangu, sidai fedha leo. Nionyeshe tu kilo zangu zimeandikwa wapi." Nami sikujua zimeandikwa wapi. Leja ilikuwa kwa bosi, na bosi alikuwa mkali. Badala ya kusema sijui, nikamwambia, "Mzee, kwani hata nikikuonyesha, wewe unajua kusoma?"

Akazikusanya moja moja, akazirudisha mfukoni. Hakurudi tena Jumatatu.

Sikuiba hata senti, naapa. Lakini nimekaa na sauti yangu ile kwa zaidi ya miaka 30, na niliposoma habari za Elouise hapa Missoula, kwenye kitabu alichoniazimia jirani, nilikifunga kwanza nikaenda kuteka maji ya kunywa. Ofisa aliyemjibu vile huenda naye hakuiba. Huenda leja haikuwa kwake, na aibu ya kutojua ikageuka ukali. Kwa hiyo, mwanangu mweka hazina, unaposikia swali na moyo ukaruka, jiulize unachoogopa ni nini. Mara nyingi si wizi. Ni kwamba mwezi fulani uliandika baadaye, au hukuandika kabisa. Hilo linasemeka. "Hapa nilisahau" ni maneno mawili.

Nirudi Browning. Wengi humkumbuka Elouise kwa kesi, na nitaifikia. Mimi mtu wa dirishani namkumbuka zaidi kwa benki. Mwaka 1983 benki pekee ya mji ule ilifunga milango. Fikirini: mshahara unaupata, lakini kuweka fedha au kukopa mpaka uendeshe gari hadi mji wa watu wengine, ambako huna anayekuamini. Elouise akaanza kuulizia namna ya kufungua benki ya kabila lenyewe, na mwaka 1987 Blackfeet National Bank ikafunguliwa, benki ya kwanza yenye leseni ya kitaifa kumilikiwa na kabila katika ardhi yao. Baadaye makabila mengine yakaingia ubia, ikawa Native American Bank. Na shuleni pale Browning akasaidia kuanzisha benki ndogo ya wanafunzi, watoto wajifunze kushika fedha za wenzao wangali wadogo. Mtu aliyeambiwa hajui kusoma hesabu aliamua kufundisha mji mzima kuisoma.

Kesi aliifungua Washington tarehe 10 Juni 1996, yeye na wenzake wachache kwa niaba ya mamia ya maelfu ya wenye akaunti za amana. Angalieni walichoomba. Waliomba hesabu: tuonyesheni kilichoingia, kilichotoka, na salio. Serikali iliyowahi kupeleka watu mwezini ikashindwa. Ikaonekana karatasi nyingine zimepotea, nyingine zimo ghalani pamoja na mavi ya panya. Wizara ya Fedha iliharibu masanduku 162 ya nyaraka huku kesi ikiendelea, na ikachelewa kusema. Mwaka 1999 Jaji Royce Lamberth aliwatia hatiani kwa kudharau mahakama mawaziri wawili, Bruce Babbitt wa Mambo ya Ndani na Robert Rubin wa Fedha. Desemba 2001 aliamuru Wizara ya Mambo ya Ndani iondolewe kwenye intaneti, maana akaunti zile zingeweza kuingiliwa na mtu yeyote mjanja wa kompyuta.

Mwaka 1997 Elouise alipata tuzo ya MacArthur, ambayo huja na fedha nyingi za mtu kutumia apendavyo. Sehemu kubwa aliitia kwenye kesi. Marais watatu walipita, Clinton, Bush na Obama, na mawaziri wakabadilika hata jina la mshtakiwa kwenye jalada likawa linafutwa na kuandikwa upya. Jina la mlalamikaji lilibaki lile lile, Cobell.

Desemba 2009 wakapatana: dola bilioni 3.4. Karibu bilioni moja na nusu ziende kwa wenye akaunti, na karibu bilioni mbili zinunue zile haki zilizokatikakatika, kwa wanaotaka kuuza, ardhi irudi kwa makabila. Sehemu ikatengwa kusomesha vijana. Obama alitia saini tarehe 8 Desemba 2010. Wapo wenzake waliolalamika, wengine wakakata rufaa, na siwalaumu, maana madai ya mwanzo yalikuwa makubwa mara nyingi zaidi. Elouise mwenyewe alikiri wazi kwamba kiasi kile hakifiki wanachostahili. Alikubali kwa sababu wazee waliokuwa wakidai walikuwa wanakufa kila mwaka. Na yeye alikufa kwa saratani tarehe 16 Oktoba 2011, hundi za kwanza za dola 1,000 zikatumwa Desemba 2012. Nishani ya Rais ya Uhuru, iliyotolewa Novemba 2016, ilipokelewa na mwanawe.

Lakini kuna jambo ambalo watu hulipita haraka kwa sababu ya ukubwa wa bilioni. Fedha zilipatikana, hesabu haikupatikana. Mapatano yalifuta dai la hesabu, na yule babu mwenye ekari 160 hakuna anayeweza kumwambia kwa ukamilifu shamba lake lilizalisha nini. Ilishachelewa. Kila mwaka ambao mtu aliona haya kuuliza, au aliuliza akakaripiwa, karatasi nyingine ililiwa na panya.

Daftari letu lina kurasa 19, moja kwa kila mwanachama. Kulipitia lote haizidi nusu saa, hata kama mama wa Uvira ataanza hadithi zake.

Kwa hiyo naomba hivi. Aliyeuliza asiombwe msamaha kwa masharti wala asibebeshwe jina. Nilisikia mmemtoa kwenye kundi la WhatsApp. Mrudisheni leo, kabla ya chakula cha jioni. Ila binti yangu, wewe nawe ulisimama ukanyoosha kidole mbele ya wageni, na dada mkubwa haulizwi hivyo. Ungeuliza umekaa. Mweka hazina abaki na kazi yake, simwoni wa kumpokea. Na kuanzia sasa daftari lisomwe kwa sauti kila mwezi kabla ya sahani kufunikuliwa, liwe na deni lisiwe na deni, swali lisisubiri mtu wa kushuku.

Jumapili nitakuja, barafu ipende isipende, mjukuu atanishika mkono. Tuanzie ukurasa wangu. Mchango wa mwezi wa kumi, dola 40, nilimkabidhi mweka hazina mlangoni tukiwa tunavaa viatu, noti mbili za ishirini, na sikumbuki kumwona akiandika.

Wenu,
Bibi wa Kigoma