Kabla Hujamwogesha Kindi: Barua kwa Mwanangu

Tanga, Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na bibi yako huko Lushoto. Sisi huku hatujambo, na wadogo zako siku hizi wanaulizia habari za kindi kabla hata hawajaniamkia ninaporudi kutoka zamu ya usiku. Ujumbe wako nimeupata na picha nimezitazama kwa makini: macho ameshafumbua, mkia bado mwembamba, maziwa yamemkaukia shingoni mpaka manyoya yameshikana, na chini ya mkia amechafuka kwa sababu ya kuharisha. Umeniuliza kama unaweza kumwogesha Jumamosi kwa maji ya moto na sabuni ya kufulia, ili harufu imtoke na viroboto wafe. Nimeona nisikujibu kwa maneno mawili ya simu, kwa kuwa mnyama mdogo kiasi hicho anaweza kufa kwa kuogeshwa vibaya kuliko kwa uchafu alionao.

Jibu langu ni kwamba usimwogeshe mwili mzima. Msafishe pale palipochafuka tu, umkaushe mara moja, na nguvu zako nyingine uzipeleke kwenye boksi lake na kwenye chakula chake, maana huko ndiko uchafu unakotoka.

Unajua kazi yangu, kwa hiyo hutashangaa nikianzia wodi ya wazazi. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtoto mchanga asiogeshwe kabla hazijapita saa 24 tangu kuzaliwa, na miongoni mwa sababu kubwa ni kumlinda asipoteze joto. Na huyo ni mtoto wa kilo tatu, aliyezungukwa na wauguzi na mablanketi. Kindi wako anaenea kiganjani. Kadiri mwili unavyokuwa mdogo ndivyo ngozi inavyokuwa nyingi ikilinganishwa na nyama iliyomo ndani, na joto hupotelea kwenye ngozi, kwa hiyo yeye hupoa upesi mno. Manyoya humkinga kwa sababu yanashika hewa katikati yake. Yakilowa mpaka kwenye shina, ile hewa inatoka na kinga inakwisha. Mji wa Lushoto uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na huu ni mwezi wa saba, na wewe mwenyewe uliniambia kuwa asubuhi hutoki nje bila sweta.

Jambo la pili ni kwamba kindi hana desturi ya kuoga. Mkubwa hujilamba na kujichana kwa kucha na meno, na mtoto hulambwa na mama yake, ambaye humsafisha uso baada ya kunyonya na kumlamba tumboni na sehemu za siri ili akojoe na kupata choo, kwa sababu watoto wachanga wa kindi hawawezi kufanya hivyo bila kusisimuliwa. Huo ndio usafi unaompasa, na sasa umekuangukia wewe. Kila akimaliza kula, chukua pamba au kitambaa laini kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, mfute mdomo na kidevu kabla maziwa hayajakauka, kisha mpapase taratibu chini ya tumbo ukielekea mkiani mpaka akojoe. Mfute tena, mkaushe, mrudishe. Ukishika utaratibu huu kila mlo, hutakuwa na sababu ya kuwaza karai. Siku utakapoona anakojoa mwenyewe pembeni ya boksi, hiyo kazi ya kupapasa itakuwa imekwisha.

Sasa nije kwenye harufu. Nusa kindi, kisha nusa matandiko yake, utaniambia kipi kinanuka zaidi. Mkojo uliolowa kwenye kitambaa hugeuka kuwa mkali, huunguza ngozi nyembamba ya tumbo na mapaja, na mnyama anayelalia hapo atanuka hata ukimwosha asubuhi na jioni. Badilisha kitambaa kila siku, na kikilowa kabla ya siku kwisha kibadilishe hapo hapo. Tumia vipande vya fulana za zamani au kanga iliyochakaa. Usitumie taulo lenye nyuzi za vitanzi, kwa sababu kucha zake hunasa humo, naye akijikwamua kwa nguvu anaweza kung'oa ukucha au kuteguka kidole.

Kuhusu kuharisha, bibi yako aliniambia kwamba mnampa maziwa ya ng'ombe. Yaacheni. Hayalingani na maziwa ya mama yake, na mara nyingi ndiyo yanayoharisha watoto wa wanyama wadogo kama hawa. Wanaolea kindi yatima aghalabu hutumia maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa mbwa. Mimi nitayatafuta kwenye maduka ya dawa za mifugo hapa mjini na nikiyapata nitakutumia kwa basi. Wakati huo huo bwana mifugo amwone kesho, si Jumamosi, kwa sababu kiumbe wa ukubwa huo hukaukiwa maji mwilini haraka, na hakuna maana ya kumsafisha nyuma ikiwa atachafuka tena saa ileile.

Hata hivyo yale maziwa ya shingoni na ule uchafu wa chini ya mkia lazima vitoke, kwa kuwa vikiganda ngozi huchubuka na manyoya hunyofoka. Fanya kazi hiyo mchana, kati ya saa sita na saa nane, jua likiwa limepanda, katika chumba kilichofungwa madirisha na ambacho paka wa bibi ametolewa nje na mlango ukarudishwa. Usiifanye mara tu baada ya kumlisha, asije akacheua, na usiifanye kabisa kama ukimshika unamhisi wa baridi. Mnyama aliyepoa hupashwa joto kwanza, na chakula na usafi hufuata baadaye. Andaa kila kitu kabla hujamtoa kwenye boksi, maana sehemu kubwa ya utulivu inatokana na wewe kutoinuka katikati ya kazi kutafuta kitambaa. Uwe na bakuli mbili za maji ya uvuguvugu, vipande vya fulana vilivyo safi na vikavu, pamba, na chupa ya maji ya moto iliyokwisha kuviringishwa na kanga na kuwekwa upande mmoja wa boksi. Maji yawe na joto la mwili, kama nyuzi 37 au 38. Kama huna kipimajoto, yamwagie upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako, na yakikuunguza au yakikupa ubaridi hayafai. Kata kucha zako, nawa mikono, na uipashe joto.

Mfunge kwenye kipande cha fulana alicholalia, kwa sababu anakijua kwa harufu, kichwa kikiwa nje na mahali unapotaka kusafisha pakiwa wazi, ila kifua usikibane, kwani hupumua kwa kutanua mbavu. Usimshike mkia hata akikuponyoka. Ngozi ya mkia wa kindi huchunika kirahisi. Unaweza kubaki na manyoya mkononi naye akabaki na mfupa ulio wazi, na jeraha hilo halirudi kuwa mkia tena.

Kwa maziwa yaliyoganda shingoni, weka kitambaa chenye maji ya uvuguvugu juu yake na uhesabu polepole mpaka 30 kabla hujagusa kitu. Gamba likilainika lifute kwa kufuata ulalo wa manyoya. Lisipotoka, rudia kuloweka, usilivute. Nyuma fanya vivyo hivyo, na ikiwa kinyesi kimeshikamana na manyoya hakitoki kwa kitambaa, hapo tu ndipo unaruhusiwa kutumia bakuli: tandaza kitambaa chini ili miguu isiteleze, mshike chini ya makwapa, na mteremshe miguu ya nyuma peke yake, maji yaishie mapajani. Dakika mbili zinatosha. Kichwa kisiguswe na maji, pua na masikio hasa, kwani maji yakiingia puani yanaweza kufika kwenye mapafu, na homa ya mapafu kwa mnyama huyu ni vigumu kuigundua na ni vigumu zaidi kuitibu.

Sabuni sitaki uitumie. Sabuni ya kufulia imetengenezwa kuondoa mafuta kwenye nguo, kwa hiyo itaondoa na mafuta ya ngozi yake, kisha atajilamba mabaki. Kila unachompaka kindi kwenye manyoya kitaishia tumboni mwake. Kama siku moja atajipaka grisi au mafuta ya kupikia, tone moja la sabuni ya watoto wachanga isiyo na manukato katika kikombe cha maji litatosha, na baada ya hapo umsuuze kwa maji matupu. Kwa sababu hiyo hiyo nakukataza mafuta ya taa, unga wa kuulia wadudu wa kuku, na ile dawa ya kuogeshea ng'ombe ambayo jirani amekushauri. Najua jirani ana nia njema, lakini dawa iliyopimwa kwa ng'ombe haipunguzwi kwa makisio ikamfaa kindi.

Viroboto wenyewe hawafi kwa kulowa kidogo, basi kumwogesha kusingekusaidia. Mchane kwa kitana cha chawa juu ya kitambaa cheupe, na kila kiroboto utakayemwona mtumbukize kwenye kikombe cha maji ya sabuni. Matandiko ya zamani yachemshe, uyaanike juani na uyapige pasi. Kama fizi zake zinaonekana nyeupe badala ya kuwa na wekundu, basi wamemnyonya damu nyingi, na hilo ni la bwana mifugo.

Kumkausha ndiyo sehemu ambayo watu huifanya kwa haraka, na ndiyo ninayokuomba uifanye taratibu kuliko zote. Usimsugue, mgandamize kwa kitambaa kikavu mpaka kilowe, chukua kingine, kisha kingine, halafu upenue manyoya kwa kidole uone kama shina limekauka, kwa sababu juu hukauka mapema na chini hubaki na unyevu. Kisha mrudishe kwenye boksi lenye ile chupa, akae upande wenye joto au asogee mbali nao apendavyo. Usimweke karibu na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa ajili yake na kwa ajili yako na bibi. Mashine ya kukaushia nywele nayo iache. Sauti yake pekee inatosha kumtia kiwewe.

Kuna jambo moja kuhusu utulivu ambalo nataka ulielewe vizuri. Kindi mwenye hofu hupiga kelele, hutikisa mkia, huhangaika, na hapo kila mtu anajua kuwa anaogopa. Lakini mwingine hukauka kimya, akatoa macho, akawa hajitikisi, na anayemsafisha husema, “Tazama, ameshazoea.” Ukimya wa namna hiyo unaweza kuwa hofu, na akiwa amelegea pia huenda amepoa. Ukiona hivyo, simamisha kazi hata kama hujamaliza, mkaushe, mpashe joto, na sehemu iliyobaki uifanye siku nyingine. Watoto wa jirani wasijazane chumbani, simu zisimmulike usoni, na sauti yako iwe ya chini.

Akikuuma, na meno yake yanaweza kupenya ngozi, mrudishe kwanza kwenye boksi bila kumtupa, kisha osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende zahanati waangalie habari ya chanjo ya pepopunda. Usimbusu, usile naye sahani moja, na nawa mikono kila baada ya kumshika. Sikuandikii hivi ili kukutisha: mwaka 1985, huko Zaire ya wakati ule, virusi vya mpox, ugonjwa unaoambukiza watu pia na uliokuwa ukiitwa ndui ya nyani, vilipatikana kwa kindi mgonjwa aliyetoka porini, na mimi kwa kazi yangu siwezi kujua jambo kama hilo nikanyamaza.

Mwisho, huyu si paka wa kufugwa. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyama wa porini hawekwi nyumbani bila kibali, na katika misitu ya Usambara kuna kindi wa aina isiyopatikana nje ya Tanzania. Kwa picha za simu siwezi kusema kama wako ni mmojawao. Nimemwomba bibi aende kwa ofisa wanyamapori wa wilaya Jumatatu, nawe ufuatane naye, umweleze mlimwokota lini na chini ya mti gani, na mnampa nini. Wakisema arudishwe msituni akikua, basi kila mara ambayo hukumshika bila sababu itakuwa imemsaidia, kwani aliyezoea mikono ya watu hatakimbia mtu wala paka. Hiyo nayo ni sababu ya kutomtia kwenye karai Jumamosi.

Ukishamsafisha nitumie picha ya shingo na ya nyuma, karibu na dirisha ili nione ngozi, na unieleze kama kinyesi bado ni chepesi. Nipigie kabla ya saa mbili usiku, kwa sababu baada ya hapo nitakuwa wodini na simu nitaiacha kabatini. Mwamkie bibi, mwambie zile dawa zake za presha nitazituma kwa basi hilo hilo.

Ni mimi mama yako.