Vitabu vya kaunta viazimwe usiku

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala kuhusu madai kwamba wanafunzi wa vyuo hawasomi vitabu. Lawama zote tunatupiwa sisi, huku utaratibu wa kuazima ukiachwa bila kuguswa. Majengo yapo: maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018, ina nafasi ya wasomaji wapatao 2,000 kwa wakati mmoja. Tatizo ni kukipata kitabu chenyewe.

Chuoni kwetu, kitabu kinachotafutwa na darasa zima huwa na nakala mbili tatu, nazo hukaa nyuma ya kaunta. Unaacha kitambulisho, unapewa saa mbili, unasomea humo humo. Anayetoka kipindi cha jioni hukuta foleni, na zamu yake ikifika, taa zinaanza kuzimwa. Ndiyo maana vitabu hivyo huishia kutolewa kopi steshenari, kifuniko kikipinduliwa mpaka uti wa mgongo unaachia. Usiku kucha nakala zenyewe zimefungiwa kabatini. Sijui zinalindwa dhidi ya nani.

Napendekeza nakala hizo, ukiacha moja, ziazimwe kila jioni kabla ya maktaba kufungwa na zirudishwe kabla ya saa tatu asubuhi. Atakayechelewa atozwe faini kwa kila saa, na akirudia asiazimishwe tena muhula huo. Wakutubi wetu wachache wasibebeshwe kazi hiyo peke yao. Viongozi wa madarasa wanaweza kusaidia kupokea vitabu asubuhi.

Mwanafunzi wa ualimu,
Morogoro